Mchele wa Kila Jumanne

Saa nane mchana, jua limesimama na mtaa mzima umejifungia ndani, muuza mchele alikuwa akiketi kwenye kiti chake cha kamba, macho nusu yamefumbwa, mkono wa kulia umezama ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko. Mpita njia angedhani amelala. Wala hakuwa amelala. Alipenda ubaridi wa mchele wa chini, ule ambao joto la mchana halijaufikia, na akishauingiza mkono humo mawazo yake yalifunga safari, yakaenda yalikotaka bila kumuaga.

Watu walimwita Punje. Jina lake la kweli lilibaki kwenye leseni ya duka na kinywani mwa dada yake mkubwa, naye dada alilitumia siku za ugomvi tu. Aliitwa Punje kwa sababu hakukubali kumpimia mtu mchele kabla hajachukua punje moja, akaiweka kati ya meno ya mbele, akaing'ata polepole na kusikiliza. Ndiyo, kusikiliza. Mchele mkavu, alisema, unakatika kwa mlio mmoja mfupi. Wenye unyevunyevu unanyamaza, na mchele unaonyamaza si wa kumuuzia mtu unayetaka arudi.

Duka lilikuwa chumba kirefu chembamba ambacho zamani kilikuwa karakana ya baiskeli, na siku za mvua sakafu bado ilitoa harufu ya grisi. Magunia tisa yalipangwa kwa mstari kando ya ukuta, midomo yake imekunjwa nje kama kola ya shati. Juu ya mlango palikuwa na kidirisha, na mwanga ulioingia hapo ulikuta vumbi jeupe la mchele likielea bila haraka yoyote. Vumbi hilo lilikuwa kila mahali: kwenye mizani, kwenye redio, hata kwenye kope za Punje mwenyewe.

Kwa wauzaji wengine unaambiwa bei, unapimiwa, unaondoka. Kwa Punje ilibidi uwe na nafasi. Angekushika mkono, akupeleke kwenye gunia la kwanza, la mchele mrefu uliokaa ghalani miaka miwili. Huu umezeeka, angekuambia, na mchele ukizeeka huacha kushikana mikono, kila punje inasimama kivyake. Huu mpikie mgeni unayemheshimu. Wa pili ulikuwa mchele mpya wa kunukia, ambao bado una maji ya shambani ndani yake. Huo una haya. Ukiukoroga unajificha kwenye uji wake mwenyewe, kwa hiyo ufunike, uuache, ujifanye huuoni. Kisha mchele wa rangi ya manjano, uliochemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa. Huo ni mvumilivu, wa masufuria makubwa ya mikahawa. Unaweza kwenda kupiga soga na jirani, ukarudi, ukaukuta haujavunjika hata punje moja.

Hapo mteja bado alikuwa hajafika katikati ya duka. Kulikuwa na wa kahawia, uliobaki na ngozi yake, wa watu walioonywa na daktari. Kulikuwa na mwekundu, unaopendana na maharage. Mfupi mnene ulikuwa wa kuchemsha kwa maziwa na sukari mpaka utulie. Ule wa kunata ulitakiwa ulowekwe tangu asubuhi, uivishwe kwa mvuke, ndipo ukubali kufinyangwa kwa vidole. Na kulikuwa na chenga, vile vipande vilivyovunjika mashineni ambavyo wenye kujiona huwatupia kuku, na hakuna kitu duniani kinachotoa uji laini kuvishinda. Gunia la tisa lilikuwa mchanganyiko wa mabaki ya yote manane. Hilo alilionea aibu, na hakulieleza.

Kila maelezo yaliishia kwenye kipimo. Mchele mzee, kikombe kwa kikombe. Mpya, kikombe kwa kikombe kasoro kidogo. Wa kahawia, kikombe kwa kimoja na nusu. Chenga za uji, kikombe kwa vitatu. Alivitaja vipimo hivi kwa sauti ya chini, kama mtu anayekupa siri ya familia, na kwa kweli ilikuwa siri ya familia. Maneno yote hayo yalikuwa ya marehemu mke wake. Mama wa watu alikuwa na tabia ya kuongea na masufuria yake, na kati ya jiko na duka palikuwa na pazia tu. Miaka ishirini na sita Punje alipima mchele huku sauti hiyo ikimjia kutoka nyuma ya pazia pamoja na mvuke. Sasa ulikuwa mwaka wa saba tangu jiko linyamaze. Dada yake alikuwa amehamia na masanduku mawili akalishika jiko, lakini dada anapika kimya, akiwa amekunja uso, utadhani anasoma barua ya serikali. Kwa hiyo Punje aliyasema yeye yale maneno, dukani, kwa yeyote aliyeingia.

Na watu walimsikiliza. Hata mama mwenye mgahawa wa kona, anayepakua masufuria matatu kila siku, alikuwa akigeuza ndoo, akaketi, akashika tama. Fundi viatu wa jirani alikuja kusikiliza hata siku ambazo hakununua chochote.

Mwanamke wa Jumanne alianza kuja mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa ameshapita hamsini, mrefu, amenyooka, kucha amezikata fupi sana, na kifuani amebandika saa ndogo iliyoning'inia kichwa chini. Mtu mwingine yeyote angeiona saa ile na kuuliza ya nini. Punje alikuwa anatazama mchele. Mwanamke aliomba mchele usio na matatizo. Punje akatabasamu, akamwonyesha ule mzee, akaanza hadithi yake, na ghafla akapotea njia katikati ya sentensi, kwa sababu mwanamke yule alikuwa ametoa daftari na alikuwa anaandika. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuandika. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa kusimama, na alipofika kwenye kipimo akainua macho na kuuliza: kikombe kwa kikombe? Punje akaitikia kwa kichwa.

Kuanzia siku hiyo, tuseme ukweli, mzee mzima alikwisha.

Jumanne iliyofuata mwanamke alirudi, na hakutaka tena mchele mzee. Alitaka ule mpya. Wiki nyingine akataka wa manjano, kisha wa kahawia, kisha wa kunata. Kila Jumanne mchele mwingine, kilo moja, daftari mkononi. Akizimaliza aina zote alianza tena na ile iliyokuwa imemwendea vibaya zaidi, ingawa hilo Punje hakulijua. Yeye alijua kusoma mchele, na akausoma. Chenga za uji: kuna mtu nyumbani amelala kitandani, mzee, meno yamekwisha. Wa kahawia: mume ana ugonjwa wa sukari. Wa kunata: kuna mjukuu anayekula kwa kufinyanga na kupaka ukutani. Mfupi wa kupika na maziwa: huyo mume mwenye sukari haambiliki. Mrefu mzee: wageni, bila shaka shemeji zake, watu wa kukaa wiki nzima.

Basi mchana, mkono ukiwa ndani ya gunia, Punje aliufuata mchele ule mpaka nyumbani kwa mwanamke. Aliona ua uliofagiliwa. Aliona dirisha lenye pazia la buluu, na nyuma yake mzee amekaa kwa mito miwili, analishwa uji kwa kijiko. Aliona mtoto chini ya meza. Mvuke ulipanda kutoka kwenye sufuria, ukapita juu ya vichwa vyao vyote, na katikati ya mvuke alisimama yule mwanamke na saa yake ya kichwa chini. Punje mwenyewe alikuwa mlangoni tu, hajakaribishwa, na hata katika ndoto yake mwenyewe alikuwa hathubutu kuingia. Aliyemwona mara nyingi zaidi ni yule mume. Alikuwa mtu mnene, mwenye masharubu. Punje alimchukia kwa moyo wake wote.

Dada yake hakuhitaji mchele kusoma kilichokuwa kinaendelea. Aliona shati linapigwa pasi kila Jumatatu jioni. Aliona ndevu zinanyolewa. Alivumilia miezi kadhaa, kisha siku moja akaweka kikombe cha chai mbele yake na kumuuliza ni nani. Punje akajifanya hamnazo. Dada akamwita kwa jina lake la kweli, na hapo ikabidi aseme.

"Ni mke wa mtu," alisema. "Kwa hiyo hakuna jambo."

"Amekuambia ni mke wa mtu?"

"Sihitaji kuambiwa. Naona anachonunua."

Dada akamwambia kwamba yeye ananunua dawa ya mende kila mwezi, je, ana mume mende? Kisha akaondoka na kile kikombe cha chai, Punje hajakigusa.

Mwaka ukakaribia kuzunguka. Halafu, Alhamisi moja, siku isiyokuwa yake, mwanamke wa Jumanne akaingia dukani bila kikapu.

"Leo sinunui, kaka," alisema. "Nimekuja kuaga. Jumapili mpwa wangu anakuja kunichukua. Nahamia kwao moja kwa moja."

Punje alikuwa amesimama, akakaa. Mambo aliyotaka kusema yalikuwa mengi. Kilichofanikiwa kutoka kilikuwa hiki:

"Na mzee utamwacha na nani?"

"Mzee yupi?"

"Yule wa uji. Asiye na meno."

Mwanamke alimwangalia vizuri, akiwa na wasiwasi kidogo, jinsi mtu anavyomwangalia mgonjwa. "Mimi sina mzee, kaka."

"Basi mtoto. Wa mchele wa kunata."

"Sina mtoto."

"Na mume wako? Mwenye sukari?"

"Sijawahi kuolewa," mwanamke alisema. "Nakaa peke yangu. Chumba kimoja, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Nani amekuambia habari za mume?"

Lile dirisha lenye pazia la buluu likafungwa, yule mzee akaondoka na mito yake, shemeji wakakusanya virago, na yule mtu mwenye masharubu akayeyuka pale pale bila hata kwaheri. Punje alipaswa kufurahi. Alifurahi, kwa muda wa pumzi moja. Kisha akakumbuka Jumapili.

Mwanamke alikaa juu ya ile ndoo ya mama wa mgahawa na kumweleza. Alikuwa mkunga, miaka thelathini na mmoja katika hospitali ile ile, akilala kwenye nyumba za wauguzi na kula kilicholetwa kwenye sinia. Amepokea watoto asiojua idadi yao, lakini sufuria hajawahi kuimiliki. Alipostaafu akapewa ile saa ya wauguzi ya kifuani, akapanga chumba, akanunua jiko, na akaamua kwamba kitu kimoja tu atajifunza: wali. Akiujua wali hatakufa njaa. Basi akaja kwa mtu aliyesifiwa mji mzima. Akapika mchele wa kwanza, ukamshinda. Akaja kuchukua wa pili akidhani huenda huo ni mwepesi zaidi, nao ukamshinda. Aina zote nane zilimshinda, tena mara kadhaa. Anaishi kwa mkate na ndizi. Mpwa wake alipokuja mwezi uliopita alimkuta amekonda, akakasirika, akasema basi, yatosha.

"Ulifuata nilivyosema?" Punje aliuliza.

"Neno kwa neno. Kaka, kazi yangu ilikuwa vipimo. Tone likizidi, mtu anakufa. Nimefuata neno kwa neno."

Kama ni jiko bovu, Punje aliwaza, linatengenezwa. Kama ni sufuria nyembamba, zipo nzito. Akauona mlango umebaki wazi kidogo: wali ukikubali, mtu hana sababu ya kuhama. Na mtu akiwa hana sababu ya kuhama, mwingine anaweza kupata ujasiri wa kumwambia la moyoni, kwa utaratibu, Jumanne mojawapo. Akapiga moyo konde.

"Jumamosi mchana nitakuja kukupikia," alisema. "Uone kwa macho yako."

Aliposimulia nyumbani, dada yake alitafuta kiti kwanza. Punje kupika? Katika miaka hamsini na minane ya kuishi duniani, mdogo wake hakuwahi kuchemsha hata maji ya kuoga. Kwanza mama, kisha mke, kisha yeye. Dada akamwambia aje jikoni ajaribu mara moja tu, asiende kujiaibisha kwa watu. Punje akakataa. Alisema ameanza kuuza mchele kabla dada hajajua kuuosha, jambo ambalo halikuwa kweli, na kwamba maneno yote anayo kichwani. Dada akakubali yaishe. Alimwomba tu avae viatu, asiende na ndala.

Jumamosi alifunga duka saa sita. Fundi viatu alisimama na nyundo mkononi kutazama jambo hilo, maana halikuwa limetokea tangu mazishi.

Chumba cha mkunga kilikuwa safi mpaka mtu anaogopa kukanyaga. Kitanda kimetandikwa kwa kona za kukunjwa, kama cha wodini. Sanduku limeshafungwa, limesimama chini ya dirisha, na juu yake boksi lililozungushiwa kamba. Vitu pekee ambavyo vilikuwa havijafungashwa ni jiko, sufuria moja, sahani mbili, kikombe kimoja cheupe, na rafu yenye makopo manane yaliyopangwa kwa mstari. Kila kopo lilikuwa na karatasi iliyobandikwa. Punje alisogea karibu akasoma. *Mchele mpya: una haya. Ufunike, ujifanye huuoni. Chenga: usizidharau, hakuna uji unaozishinda. Wa manjano: mvumilivu, unaweza kwenda kupiga soga.*

Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Kwa miaka saba alikuwa akiyabeba maneno yale kila siku kwa kuogopa kwamba siku akiyaacha hayatakuwepo tena popote, na kumbe yalikuwa hapa, yameandikwa kwa wino, hayakukosewa hata moja. Macho yalimjaa. Hakujaribu kuyaficha. Alimwambia mkunga kwamba maneno hayo si yake, ni ya marehemu mke wake, na akamweleza habari ya pazia na ile sauti. Mkunga hakumpa pole za haraka haraka. Alivuta kiti, akamwambia aketi, akasubiri mpaka pumzi yake iliporudi kwenye mwendo wake. Huko ndiko alikokuwa fundi.

Kisha Punje akakunja mikono ya shati. Alichagua mchele mzee, wa mgeni unayemheshimu. Aliuosha mara tatu, mpaka maji yakatoka safi kabisa, na hapo alikuwa anajua anachofanya. Kikombe cha mchele kikaingia kwenye sufuria. Kikombe cha maji kikafuata. Chumvi kidogo, tone la mafuta, mfuniko, moto mdogo. Mkunga alisimama pembeni akilinganisha na daftari lake, akiweka alama ya kalamu kwa kila hatua.

Wakakaa kusubiri, yeye kwenye kiti, mkunga ukingoni mwa kitanda. Kutoka kiwandani kulikuja mvumo wa mashine za magodoro, mzito, wa kusinziza, na nyuzi ndogo za pamba ziliingia dirishani, zikatua kwenye mabega yao. Mvuke ulianza kutoka kando ya mfuniko. Harufu ya mchele mzee ikakijaza chumba, harufu ya nyasi kavu na maziwa, ile ile iliyokuwa ikimjia nyuma ya pazia. Punje alifumba macho. Kwa mara ya kwanza katika ndoto zake zote za mwaka ule alikuwa ndani ya nyumba, si mlangoni, na akawaza kwamba mtu akimwambia abaki hapo mpaka azeeke, hatauliza swali.

Mvuke ukakoma. Akafunua sufuria, akapakua sahani mbili.

Punje alitia kijiko cha kwanza mdomoni, akang'ata. Ulikatika kwa mlio mmoja mfupi. Kila punje ilikuwa imesimama kivyake, kama alivyoahidi siku zote, na zote zilikuwa changarawe tupu. Alitafuna. Mkunga naye alitafuna. Hawakuangaliana. Alipofanikiwa kumeza, mkunga aliweka kijiko chini.

"Ndivyo unavyokuwa wangu," alisema. "Hivi hivi."

Punje alitazama sufuria, akatazama moto, halafu akakitazama kile kikombe cheupe kilichokuwa peke yake juu ya meza. Alikitazama mpaka kitu fulani kikaporomoka ndani yake.

"Marehemu alikuwa na vikombe viwili," alisema.

Vilining'inia kwenye misumari jikoni, hata leo vipo, na kila siku alipita chini yake kwenda kunawa mikono. Kimoja kidogo, cha kahawa, kisicho na mshikio: hicho, bila shaka, cha mchele. Kingine cha bati, kikubwa, cha rangi ya kijani: hicho cha maji. Kikombe kwa kikombe. Yeye alikuwa upande wa pili wa pazia, alisikia kila neno na hakuona hata kikombe kimoja kikijazwa. Na mji mzima ulikuwa unajua. Mama wa mgahawa alijua, fundi viatu alijua, kila mtu aliyejifunza wali kwa mama yake alijua kwamba maji ya Punje hayatoshi. Waliketi wakamsikiliza kwa sababu yalikuwa matamu kusikiliza, kisha wakarudi kwao na kumwaga maji kama walivyozoea. Nani angemwambia mgane anayeyarudia maneno ya marehemu mke wake kwamba anakosea? Katika miaka saba ni mtu mmoja tu aliyemwamini, na amekonda.

"Mwaka mzima nilidhani ni mimi," mkunga alisema.

"Ni mimi."

"Nilimkubalia mpwa wangu kwa sababu hiyo." Sauti yake ilikuwa imebadilika, na alikuwa amegeukia dirisha. "Nimeshika maisha ya watu kwa mikono hii, halafu nikajiona siwezi hata kujilisha. Nililia hapo kwenye hicho kiti, kaka. Kwa ajili ya wali."

Kwa mara moja katika maisha yake Punje hakutafuta maneno mazuri. Hakuwa tena na maneno ya mtu mwingine ya kuazima. Ilibidi atumie yake, na yake yalikuwa machache.

"Usiende," alisema. "Nakuomba. Kupika sijui, umeona mwenyewe. Mimi kila Jumanne nilikuwa nakungoja wewe, na siku nyingine zote nilikuwa naingoja Jumanne. Sina kingine."

Mashine za magodoro zilivuma. Mkunga aliutoa uzi mmoja wa pamba begani mwake.

"Na ulidhani nina mume," alisema hatimaye.

"Mwenye sukari. Na masharubu."

Mabega yake yakaanza kutikisika, na Punje akadhani analia tena, mpaka alipogeuka. Alikuwa anacheka kiasi cha kushika ubavu. Alipopata pumzi alisema kwamba kila alipoutafuna wali ule alijiapiza kuwa dukani harudi tena. Jumanne ikifika, anajikuta anatafuta kikapu.

Akainuka. Akaurudisha ule wali wa kwenye sahani ndani ya sufuria, akachukua kikombe cheupe, akamimina maji. Akatafakari kidogo, akaongeza tena, bila daftari, akakadiria kwa jicho. Akafunika. Punje aliinama sikio likiwa karibu na mfuniko, akisikiliza maji yakianza kuzungumza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekaribishwa ndani baada ya kungoja sana.

Nyuma yake mkunga alikuwa ameshachukua simu. Alimwambia mpwa wake asihangaike na gari la kesho, yeye hahami tena. Upande wa pili sauti ikapanda, ikataka kujua atakula nini huko, nani atamwangalia, kumetokea nini. Mkunga alisubiri iishe. Alimtazama yule mzee aliyejikunja mbele ya jiko, nyuzi za pamba zikiwa zimemganda mabegani.

"Mwanangu," alisema, "kuna mtu hapa hajui kupika kuliko mimi, na nimeshamzoea."